Mtungi Uliotoboka: Somo juu ya Kipindupindu

Katika nchi ya milima ya Buha, toka Kasulu mpaka Kibondo na Kakonko, chini ya vilima vingi mna bonde, na katika mabonde mengi mna chemchemi au kijito. Asubuhi na jioni akina mama na watoto huteremka na ndoo zao, kisha hupanda tena wakiwa wamejitwika maji kichwani. Maji hayo ndiyo uzima wa nyumba. Walakini maji hayo hayo yakiharibika, huweza kuingiza mauti katika nyumba ile ile. Somo hili ni la ugonjwa uletwao na maji ya namna hiyo, yaani kipindupindu.

Ugonjwa Wenyewe

Kipindupindu si ugonjwa mpya. Mwaka 1869 na 1870 kilifika Unguja kikaua watu kwa maelfu, wakubwa kwa wadogo. Siku zile watu hawakuwa na hakika ya asili yake. Hata mwaka 1884 daktari wa Kijerumani, Robert Koch, akaonyesha ya kuwa huletwa na vidudu vidogo mno, visivyoonekana ila kwa hadubini.

Vidudu hivyo hukaa matumboni mwa mtu, hutoka pamoja na choo chake. Choo hicho kikifika majini, au kikichukuliwa na nzi au na mikono isiyonawa mpaka katika chakula, mtu mwingine huvimeza vile vidudu, naye huweza kuugua. Basi njia ya kipindupindu ni hii: hutoka katika choo cha mtu, huingia katika kinywa cha mtu.

Baada ya saa chache, au siku mbili tatu, hata siku tano, mgonjwa huanza kuhara maji meupe, mfano wa maji yaliyooshewa mchele. Pengine hutapika pia. Macho huingia ndani, midomo hukauka, mkojo hupungua, na ngozi ikifinywa hukawia kurudi mahali pake. Mtu mwenye nguvu zake asubuhi aweza kufa kabla ya jua kuchwa, asipopata msaada. Kinachomwua ni kukauka, kwa kuwa maji na chumvi ya mwili vimemtoka.

Tena liko jambo moja la kukumbuka. Watu wengi wamezao vidudu hivi hawaugui hata kidogo, walakini kwa siku kadhaa hutoa vidudu katika choo chao. Kwa hiyo hakuna awezaye kumtazama mtu usoni na kusema, "Huyu anacho, na huyu hana."

Yaliyotokea Kagunga, Mwaka 2015

Kagunga ni kijiji cha wavuvi katika ufuko wa Ziwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Burundi. Nyuma yake pana milima mikali, na mbele yake pana ziwa. Mwezi wa Aprili na Mei mwaka 2015 palikuwa na machafuko katika Burundi, na watu wakakimbilia Tanzania. Makumi ya maelfu wakajikuta Kagunga, katika ufuko mwembamba, bila vyoo vya kuwatosha na bila maji safi. Wakanywa maji ya ziwa, na pembeni mwa ziwa lile lile wakajisaidia.

Kipindupindu hakikukawia. Kabla ya mwezi wa Mei kwisha watu wapata 3,000 walikuwa wameugua, na watu wapata 30 walikuwa wamekufa. Wengi wao walikuwa wakimbizi, lakini wenyeji pia walikuwamo. Ugonjwa haukumwuliza mtu kabila lake wala nchi yake.

Kazi kubwa ikafanyika. Meli ya Liemba, iliyoanza kusafiri katika ziwa lile kwa jina hilo mwaka 1927, ikawachukua watu toka Kagunga mpaka Kigoma, na toka huko wakapelekwa kwa magari mpaka kambi ya Nyarugusu katika Kasulu. Maji yakatiwa dawa, vyoo vikachimbwa, wagonjwa wakatengwa na kunyweshwa dawa ya chumvi na sukari, na mwezi wa Juni chanjo ya kunywa ikatolewa Nyarugusu. Wagonjwa wapya wakapungua siku kwa siku.

Mwezi wa Januari mwaka 2016 kambi nyingine, Mtendeli, ikafunguliwa katika wilaya ya Kakonko, nayo ikafungwa mwaka 2021. Kwa miaka ile watu wa Kakonko walikuwa na majirani wengi, nao wakajifunza ya kuwa afya ya jirani ni afya ya mwenye nyumba. Afungaye mlango wake asimwone mgeni hakufunga kijito kipitacho nyuma ya nyumba yake.

Mtungi Uliotoboka

Wako watu wengi ambao, wamwonapo mtoto anahara, humnyima maji, wakidhani ya kuwa maji ndiyo yanayomharisha. Hili ni kosa kubwa, nalo limeua watoto wengi. Chukua mfano wa mtoto wa shule aliyemkuta bibi yake akifanya hivyo.

"Mjukuu wangu," asema bibi, "usimpe mdogo wako maji. Huoni kwamba yote anywayo yanatoka?"

"Shikamoo, bibi," asema mtoto, naye apiga goti. "Naomba niulize neno. Mtungi ukitoboka chini, nasi tukaacha kuujaza, utakuwaje?"

"Utakauka upesi."

"Na tukiendelea kutia maji huku tundu linazibwa?"

Bibi anyamaza kidogo, kisha asema, "Haya, lete kikombe."

Mtoto yule amesema kweli. Mwenye kuhara ni kama mtungi uliotoboka: hana budi kujazwa kadiri anavyopotewa na maji. Lakini maji matupu hayatoshi, maana chumvi nayo imetoka. Tena wataalamu waligundua katika miaka ya 1960 ya kuwa sukari ikichanganywa na chumvi kwa kipimo chake, hufungua njia katika utumbo, hata chumvi na maji huingia mwilini ingawa ugonjwa ungali ukiendelea.

Mwaka 1971 jambo hili lilijaribiwa katika taabu kubwa. Watu waliokimbia vita vya Bangladesh walijaa katika mji wa Bangaon, India, na kipindupindu kikawashika. Maji ya kutiwa katika mishipa yakapungua. Daktari mmoja wa India, Dilip Mahalanabis, akachanganya chumvi na sukari katika maji, akawapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Mahali ambapo katika wagonjwa 100 walikuwa wakifa wapata 30, sasa hawakufika hata 4. Mama wa mgonjwa, mwenye kikombe mkononi, alifanya kazi ya mganga.

Namna ya Kutengeneza Dawa Hii

Kama pakiti ya dawa ya chumvi na sukari, iitwayo ORS, inapatikana katika zahanati, hiyo ndiyo bora, nayo ichanganywe kama ilivyoandikwa. Isipopatikana, fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Pima lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa.
3. Tia vijiko 6 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa juu.
4. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, isizidi.
5. Koroga mpaka vyote viyeyuke, kisha onja. Yakiwa na chumvi kupita machozi, yamwage, uanze tena.

Mgonjwa anyweshwe kila mara baada ya kuhara: mtoto mdogo robo au nusu ya kikombe, mkubwa kikombe kizima au zaidi. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe tena polepole kwa kijiko. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Wala nyumba isitosheke na dawa hii tu: mgonjwa apelekwe zahanati upesi, naye aendelee kunywa njiani.

Kuziba Njia ya Ugonjwa

Kutibu ni kwema, lakini kuzuia ni kwema zaidi. Kwa kuwa njia ya ugonjwa yajulikana, yaweza kuzibwa mahali pengi.

Kwanza, kila nyumba iwe na choo cha shimo chenye kifuniko, kilichochimbwa mbali na kisima au chemchemi, hatua 40 au zaidi, tena upande wa chini wala si wa juu.

Pili, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu, au yatiwe dawa ya klorini, kisha yawekwe katika chombo chenye kifuniko. Yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, mikono isiguse maji.

Tatu, mikono inawiwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, baada ya kutoka chooni na kabla ya kula. Asiye na bomba aweza kutengeneza kibuyu chirizi: dumu dogo lililotobolewa, likaning'inizwa kwa kamba na kuinamishwa kwa mguu. Asiye na sabuni atumie majivu, nayo hayakosekani jikoni.

Nne, chakula kiliwe kingali moto, na matunda yaoshwe kwa maji safi.

Lugha ya Nyumbani

Maneno haya yote ni bure yasipofika jikoni, kwa mama apikaye na kwa bibi aleaye. Kiha na Kirundi ni lugha zilizo karibu sana, hata Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Kwa hiyo mtu wa Kakonko aweza kumfundisha jirani yake aliyetoka ng'ambo ya mpaka kwa maneno ya nyumbani, naye akaelewa. Tangazo lililobandikwa ukutani husomwa na wachache, bali neno la jirani aketiye jikoni husikiwa na wote.

Mwanafunzi aliyesoma somo hili amekuwa na deni. Alipe jioni hii nyumbani kwao: apime sukari, apime chumvi, wazazi wake waonje. Siku ugonjwa utakapokuja hautangoja mtu kutafuta kitabu.

Maswali

1. Vidudu vya kipindupindu hutoka wapi, na huingia wapi?
2. Kwa nini ugonjwa ulienea upesi Kagunga mwaka 2015?
3. Eleza mfano wa mtungi uliotoboka.
4. Taja vipimo vya maji, sukari na chumvi.
5. Kwa nini hatuwezi kumjua mwenye vidudu kwa kumtazama?
6. Tengeneza kibuyu chirizi karibu na choo cha kwenu, kisha mweleze mwalimu ulivyofanya.