Triton ya mbio kwa raha tu

Swali: Nina fremu ya Norton Featherbed na injini ya Triumph Bonneville 650. Fundi ananikataza kuifanya ya mashindano, eti haitatembeleka. Nimsikilize?

Jibu: Anasema kweli, ila hujaomba pikipiki ya kwendea kazini. Vijana wa Uingereza walioziunda Triton miaka ya 1960 walifuata jambo moja: injini ya Triumph yenye nguvu ndani ya fremu hiyo ya Featherbed aliyoibuni Rex McCandless, iliyoanza mashindano 1950 na kusifika kwa kutulia kwenye kona. Basi unda. Ukiweka kamshafti kali, huko chini injini itakuwa goigoi, kisha ikifika kama mizunguko 4,000 kwa dakika itavuta kwa ghafla, na hapo ndipo utacheka peke yako ndani ya helmeti. Kabureta za mbio za Amal GP nazo hazipendi injini izunguke polepole pikipiki ikiwa imesimama. Kwenye taa nyekundu utachezea akseli mpaka kifundo cha mkono kiume.

Pistoni tu ndizo ningekubania. Mgandamizo wa 11:1 unadai petroli ya oktani ya juu, na kiki yake hurudisha teke kama punda. Mimi ningeishia 9:1. Pesa itakayobaki usiipeleke kwenye kromu, nunua breki ya mbele ya maana.