Taa nyekundu ikiwaka kwenye kisanduku cha faiba

Intaneti ya faiba ikigoma, usikimbilie simu. Angalia kwanza kile kisanduku kinachopokea waya mwembamba ukutani. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, nuru haifiki. Taa ya PON ikipepesa bila kutulia, nuru inafika ila kisanduku hakijaelewana na mtambo wa kampuni. Mwambie fundi ni ipi kati ya hizo mbili, naye atajua aje na vifaa gani.

LOS nyekundu? Fuata waya tangu ukutani hadi dirishani, utafute ulipokunjwa. Faiba si waya wa pasi. Ndani yake mna uzi wa kioo, na ukiupinda ghafla nuru inavujia nje. Ukiuzungusha, duara lisiwe dogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Usiubane na mlango, usiupige fundo nyuma ya kabati. Na panya je? Wapo.

Kisha vumbi. Njia ya nuru katikati ya uzi huo ina upana wa mikromita 9 hivi. Unywele wako ni mnene mara kadhaa. Punje moja ya vumbi la kiangazi cha Tabora inatosha kuiziba. Usichomoe kichwa cha faiba bila sababu, na ukichomoa kivishe kofia yake hapo hapo. Usikipulize, usikifute kwa kanga. Na usikichungulie kamwe: nuru yake haionekani, lakini inaweza kuumiza jicho.

Rangi zina maana. Kichwa cha kijani huenda na cha kijani, cha bluu na cha bluu. Ukivichanganya havikutani sawasawa.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote ni hii: siku ya kufungiwa faiba, mwambie fundi apime nuru mbele yako. Utaona namba hasi ya dBm. Ikiwa -20, lala usingizi. Ikikaribia -27, uko ukingoni. Kila 3 zinazopotea, nusu ya nuru imekwenda. Andika namba na tarehe kwenye karatasi, ibandike juu ya kisanduku. Siku ya ubishi utakuwa na ushahidi.

Taa zote ni shwari lakini mambo yanakwenda polepole? Usilaumu umbali. Wapelelezi Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, ndiyo Tabora hii, wakafika Novemba 7, 1857. Nuru ndani ya kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kilomita 840 hivi za reli kutoka Dar ingezimaliza kwa milisekunde 4 na ushei.

Kinachochelewesha ni vituo. Misafara ya zamani ilivunjwa hapa Unyanyembe, nchi inayozunguka Tabora: mizigo chini, wapagazi wanatawanyika, wengine wanatafutwa, wiki zinapita. Faiba nayo ina Kazeh zake. Swichi hupokea nuru, huigeuza umeme, husoma inakokwenda, kisha huwasha nuru mpya. Watafiti wanajaribu swichi za nuru tupu, ndani ya vijia vya metali vyembamba kuliko wimbi la nuru yenyewe, zinazobadilika ndani ya sehemu ya trilioni ya sekunde. Ila metali hula nuru, kwa hiyo bado ni mambo ya maabara. Muuzaji akikuambia ruta yake inazo, muage kwa heshima.

Wewe shughulikia kituo chako. Unganisha kompyuta na ruta kwa kebo, fungua dirisha la amri, andika ping na anwani iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1. Jibu liwe chini ya milisekunde 3. Chomoa kebo, rudia kwa Wai-Fai. Ikiruka hadi 100, faiba haina kosa. Itoe ruta nyuma ya friji, iweke juu, katikati ya nyumba. Kuta nene za udongo, kama zile za tembe la kale la Kwihara, karibu na Tabora, humeza Wai-Fai. Hapo vuta kebo hadi chumba cha pili.

Umeme ukikatika, UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, inatosha. Kabla ya kununua, soma volti kwenye chaja zote mbili, ya ruta na ya kisanduku. Nyingi ni 12. Si zote.