Kinywa, Mdomo na Jino: Viambishi Ngeli vya Runyambo na Istilahi za Udaktari wa Meno

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili majina ya sehemu za kinywa katika Kiswahili yakilinganishwa na Runyambo, lugha ya wenyeji wa wilaya za Karagwe na Kyerwa (Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012). Mwanafunzi wa udaktari wa meno husoma anatomia kwa Kiingereza, kisha humhudumia mgonjwa kwa Kiswahili. Inadaiwa hapa kwamba hana budi pia kujua jinsi lugha ya kwanza ya mgonjwa inavyokigawa kinywa, kwa kuwa mgawanyo huo hubebwa na viambishi ngeli.

2.0 Kinywa, mdomo na ufizi

Kianatomia, kinywa ni uwazi unaoanzia midomoni hadi kwenye koromeo. Dari yake ni kaakaa gumu, lenye mfupa, na nyuma yake kaakaa laini linaloishia kwenye kidakatonge. Kiswahili cha mazungumzo huuita uwazi wote huo "mdomo", jina ambalo pia ni la kiungo cha nje. Runyambo haichanganyi: akanwa ni kinywa, omunwa ni mdomo. Shina ni moja, -nwa, lenye nasaba na kitenzi cha kunywa kama lilivyo neno kinywa lenyewe; kinachotenganisha ni ka- ya ngeli ya 12 na mu- ya ngeli ya 3. Kwa hiyo malalamiko ya "mdomo unauma" hayatoshi kumwelekeza tabibu.

Ufizi una utata zaidi, na wanaisimu wamechangia utata huo. Katika fonetiki, /t/, /s/ na /l/ huitwa sauti za ufizi, yaani mwinuko ulio nyuma ya meno ya juu. Kwa daktari, ufizi ni nyama inayozizunguka shingo za meno yote, ya juu na ya chini, ilhali mwinuko ule ni mfupa wa taya unaoishika mizizi. Aliyesoma fonetiki kabla ya anatomia huja na maana finyu.

Meno yenyewe hayana shida kubwa. Mtu mzima ana 32: ya mbele 8, chonge 4 na magego 20, ambayo udaktari huyagawa kuwa madogo 8 na makubwa 12. Mtoto ana 20, wala hana magego madogo.

3.0 Jino linapobadilishwa ngeli

Hatari iko kwenye chonge za mtoto mchanga. Kusini-magharibi mwa Uganda, ng'ambo ya mto Kagera, uvimbe mweupe kwenye ufizi wa mtoto mwenye homa au kuhara huitwa ebiino. Mnyambo hulitambua shina mara moja: -ino, la eriino, "jino". Lakini jino ni la ngeli ya 5 na 6, ilhali ebi- ni ya ngeli ya 8, ambayo hapa hukitoa kitu katika hadhi ya jino na kukifanya dubwana. Tanzania, dhana hiyohiyo huitwa "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Kivumishi hufanya kazi ya kiambishi. Kilichokwisha kuitwa kitu kigeni hung'olewa, mara nyingi kwa chombo kisichotakaswa. Hiza na Kikwilu waliripoti mwaka 1992 kuhusu watoto wa kijiji kimoja cha Tanzania waliokosa meno ya utoto kwa sababu hiyo. Damu nyingi na pepopunda ni miongoni mwa madhara. Aidha, chipukizi la chonge ya ukubwani, lililo jirani, laweza kuharibiwa.

Istilahi inayofaa, basi, ni ile inayokirudisha kitu hicho katika ngeli yake. Kumwambia mzazi kwamba "meno ya plastiki hayana madhara" ni kulikubali jina pamoja na dhana yake. "Kichipukizi" nacho, kwa ki-/vi- yake, hakimfai msikilizaji huyu. Lifaalo ni "jino changa la chonge": limo ndani ya ufizi tangu kabla ya kuzaliwa, nalo huota kati ya miezi 16 na 23.