Friji Kubwa kwa Jiko Jipya: Tutazame Nini?



Leo tutajifunza juu ya kitu ambacho wengi hukiona ni pambo la jikoni, kumbe ni chombo cha kulinda afya: friji.

Tuchukue mfano wa familia moja ya Konde. Nyumba imekwisha, jiko jipya limewekwa vigae, na mtoto aliyeko Muscat ameahidi fedha za friji. Baba anataka lile kubwa la milango miwili, lenye friza ndani yake. Mama anauliza: "Umeme ukizimika, samaki watakaa muda gani?" Swali hili la mama ndilo somo letu.

1. Kazi ya friji ni nini?

Friji haliui vijidudu vya maradhi. Linavipunguzia mwendo tu. Vijidudu huzaliana upesi katika joto la kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, na joto la Pemba limo humo mchana na usiku. Kwa hiyo upande wa friji uwe chini ya nyuzi 5, na friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili.

Angalia mifano miwili ya nyumbani kwetu. Wa kwanza ni wali. Kuna kijidudu ambacho mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukilala nje ya friji, mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Ndiyo maana kiporo cha asubuhi huweza kutapisha hata kama kimepashwa vizuri.

Wa pili ni samaki kama jodari na vibua. Wakikaa kwenye joto, sumu iitwayo histamini huzaliwa katika nyama yao. Mlaji huwashwa mwili, uso hugeuka mwekundu, kichwa humuuma na moyo humwenda mbio. Wengi hudhani ni pepo au husuda. Sumu hiyo haitoki kwa kukaanga wala kwa kugandisha. Basi ukinunua samaki Tumbe akiwa amekwisha shinda juani, friji la bei yoyote halitamrudishia uzima.

2. Kwanza mahitaji, kisha ukubwa

Kabla ya kwenda dukani, jiulizeni: Tuko watu wangapi? Samaki tunanunua kila siku au mara moja kwa wiki? Tunataka kuhifadhi nyama ya Idi ya kuchinja? Tutauza barafu?

Nyumba inayopata samaki wabichi kila siku haihitaji friza kubwa. Inahitaji friji la kadiri lenye baridi ya kweli. Friji kubwa likikaa tupu linakula umeme bure, na likishindiliwa mno hewa baridi haipiti, hata chakula cha katikati kikaharibika huku barafu inaonekana pembeni.

Nyumba inayohifadhi samaki na nyama nyingi, au inayouza barafu, itafaidika zaidi na vyombo viwili: friji la kadiri, na friza la mlango wa juu. Hewa baridi ni nzito. Ukifungua mlango wa mbele, inamwagika sakafuni kama maji. Ukifungua mfuniko wa juu, inabaki chini.

3. Mambo ya kutazama dukani

(a) Herufi ya hali ya hewa. Ndani ya friji kuna kibandiko chenye herufi. N maana yake friji limetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32; ST ni hadi 38; T ni hadi 43. Jiko la bati wakati wa kaskazi huvuka nyuzi 32 kwa urahisi. Chagua T, na ukikosa, ST.

(b) Matumizi ya umeme. Friji lililoandikwa 365 kWh kwa mwaka hula kama yuniti moja kwa siku. Kwa joto letu litazidi hapo. Fanya hesabu hiyo kwa bei ya yuniti unazonunua kabla ya kulipa, maana friji linalozimwa usiku ili kubana matumizi ni hatari kuliko kutokuwa na friji.

(c) Mpira wa mlango. Funga mlango juu ya noti ya shilingi kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, baridi nayo itatoka. Jaribu pande zote nne, hasa ukinunua friji lililotumika.

(d) Friji la zamani sana. Gesi iitwayo R12 ilipigwa marufuku kwa kuharibu anga, na leo ni shida kuipata. Mafriji mengi mapya hutumia R600a, ambayo hushika moto. Basi fundi asilichomelee bila kuijua gesi yake.

(e) Mahali pake. Liache nafasi ya kiasi cha sentimita 10 na ukuta, mbali na jiko la moto na jua la dirishani. Likisafiri kwa meli na gari likalazwa, lisimamishe saa kadhaa kabla ya kuliwasha.

4. Umeme unapozimika

Wazee wanakumbuka Pemba ilipotegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Tangu mwaka 2010 tunapata umeme kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga. Ni neema kubwa, lakini waya nao huweza kupata hitilafu. Wenzetu wa Unguja walikaa bila umeme wa gridi miezi kama mitatu, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010.

Sasa tumjibu mama. Mlango usipofunguliwa, friji huhifadhi chakula kwa muda wa saa 4 tu. Friza lililojaa hukaa takriban saa 48, na lililojaa nusu saa 24. Kwa hiyo nafasi tupu ya friza ijaze chupa za maji yagande.

Fanya pia jaribio hili. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, ukiache humo. Ukirudi safari ukaikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka ikaganda tena. Usiile nyama hiyo.

Nunua na stabilaiza, kwani umeme mdogo na umeme unaorudi kwa kishindo huua mota ya friji.

5. Dawa za mgonjwa wa sukari

Insulini ambayo haijafunguliwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, katikati ya friji. Isiwekwe kwenye friza. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Nyumba yenye mgonjwa huyu inunue kipimajoto kidogo cha friji. 

Kwa kumalizia

Baba hakukosea kutaka friji zuri, ila uzuri wake hauko katika urefu wa mlango. Kwa fedha zile zile, familia yetu ya Konde inaweza kupata friji la kadiri lenye herufi T, stabilaiza na kipimajoto, na baadaye friza la mlango wa juu biashara ikiruhusu.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Je, friji letu lina nyuzi ngapi leo?
2. Wali wa jana ulikaa nje saa ngapi kabla ya kuingia ndani?
3. Umeme ukizimika sasa hivi, kipi tule kwanza na kipi tusifungue?