Tundu la Tyubu Lina Habari

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Mwanafunzi mwenzangu wa kutwa, wewe unayekuja shuleni kwa baiskeli, somo hili ni lako. Mimi humbeba mdogo wangu kwenye keria. Tukipata pancha, wawili tunakosa kipindi cha kwanza, na pesa ya kiraka ndiyo ingenunua daftari.

Mwaka wa 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alipata hataza ya tairi la hewa baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Tangu hapo hewa ndiyo hubeba mzigo. Basi hewa ikitoka, usikimbilie kiraka. Uliza kwanza: imetoka kwa nini?

Kabla ya kuvua tairi, litie alama ya chaki pale ilipo vali. Kisha jaza tyubu hewa, itie kwenye karai la maji, utazame mapovu. Tundu litakuambia mambo haya:

1. Likiwa moja, upande wa nje, ni mwiba, msumari au kigae. Pima umbali wake kutoka vali, uangalie tairi mahali papo hapo. Papasa kwa kitambaa, si kwa kidole kitupu. Mwiba ukibaki, kiraka ni kazi bure.

2. Likiwa upande wa ndani unaotazama rimu, ncha ya spoki imechomoza au ukanda wa mpira unaozifunika umeraruka. Piga tupa ncha hiyo, ukate ukanda mpya kutoka tyubu kuukuu.

3. Matundu mawili yakikaa sambamba, mwiba hauna hatia. Hewa ilikuwa kidogo, tyubu ikabanwa kati ya rimu na jiwe. Dawa yake ni pampu, hasa gurudumu la nyuma, maana ndilo hubeba zaidi. Hesabu spoki za Black Mamba: kwa kawaida mbele ni 32, nyuma ni 40.

Katika mkoba weka msasa, gundi, viraka na vyuma viwili vya kuvulia tairi. Bisibisi huchana tyubu. Pampu ifunge kwenye fremu.

Na ukienda kwa fundi akashika gundi mara moja, mwambie kwa heshima, "Fundi, tuutafute mwiba kwanza."