SOMO LA SUNGURA: KUSIKILIZA PUMZI YAKE

Wewe unayefuga sungura hapa Lukafu, sikia somo hili kwa moyo.

Watu wengi wanasema: "Sungura wangu halii, basi hana ugonjwa." Maneno hayo si kweli. Mbuzi akiumwa analia. Sungura akiumwa ananyamaza na kuficha ugonjwa wake, kwa sababu porini nyama anayeonyesha udhaifu ndiye anayekamatwa kwanza. Ukingoja alie, utamkuta amekufa asubuhi. Lakini pumzi hawezi kuificha. Ndiyo sababu mfugaji mwema anatumia masikio yake kila siku.

1. Pua ya sungura

Mtu akizibwa pua anahema kwa kinywa. Mbwa naye ni vivyo hivyo. Sungura si kama hao: koo lake limeumbwa apumue kwa pua. Kwa hiyo kamasi, ambayo kwa mtoto ni mafua tu, kwa sungura ni kama kufungiwa mlango wa nyumba. Ukiona sungura ameinua kichwa na kufungua kinywa apate kuhema, jua kwamba yuko karibu kufa. Usiseme, "Nitamtazama kesho."

2. Pumzi njema

Sungura mzima anapumua bila sauti. Kaa karibu na kibanda asubuhi, kabla jua halijawa kali. Usimguse. Usitazame pua, maana pua inachezacheza upesi kwa kunusa. Tazama ubavu: ukipanda na kushuka, hesabu moja. Hesabu kwa nusu dakika. Sungura mkubwa aliyetulia anapata pumzi 15 mpaka 30, maana yake 30 mpaka 60 kwa dakika nzima. Kama mbwa amepita karibu, sungura ameogopa na pumzi imekwenda mbio. Ngoja kidogo, kisha hesabu tena.

3. Sauti na maana yake

a) Chafya moja moja, na pua ni kavu. Mara nyingi ni vumbi la majani makavu au la unga wa chakula. Nyunyizia chakula maji kidogo. Chafya zikiisha, ni vema.

b) Chafya nyingi, na pua ina maji au kamasi nyeupe. Shika miguu ya mbele, utazame upande wa ndani. Sungura anajipangusa pua kwa miguu hiyo, kama mtu anavyojipangusa kwa kitambaa. Manyoya yakiwa yamelowa au yameshikana, ni ugonjwa, hata kama pua yenyewe inaonekana safi.

c) Kukoroma naye yu macho. Njia ya pua imeziba. Labda ni kamasi, labda mizizi ya meno ya juu imeota vibaya na kusukuma pua. Kukoroma kidogo katika usingizi, hasa kwa sungura mnene, si ajabu.

d) Sauti kama filimbi, au kama chungu kinachochemka. Weka sikio lako juu ya mbavu. Ukiisikia ndani ya kifua, ugonjwa umekwisha kushuka katika mapafu. Hii ni hatari kubwa.

e) Sauti ya meno. Akisaga meno polepole ukimpapasa, amefurahi. Akisaga kwa nguvu, naye amejikunja katika pembe, anaumwa.

4. Sababu za ugonjwa

Ya kwanza ni vijidudu vinavyoitwa Pasterela. Jina hilo linatoka kwa Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, aliyevichunguza karibu na mwaka 1880 katika ugonjwa wa kuku. Sungura wengi wanavyo ndani ya pua bila kuugua. Lakini mwili ukichoka, vijidudu vinapata nguvu.

Nini kinachochosha mwili? Mkojo uliokaa kibandani unatoa hewa kali inayochoma pua. Inamisha kichwa chako mpaka chini, pale sungura anapolala. Kama macho yako yanawasha, pua yake imekwisha kuungua. Moshi wa makala ni mbaya vilevile. Tena kuna baridi ya usiku ya mwezi wa 6 na wa 7, ikiingia na upepo ndani ya kibanda chenye majimaji. Na mwezi wa 10, mbele ya mvua, jua ni kali: joto likipita digri 30, sungura anahema mbio hata bila vijidudu. Huyo mpeleke kivulini, umpake maji ya baridi kidogo masikioni, wala usimtumbukize majini.

5. Kosa langu mwenyewe

Nilinunua sungura dume sokoni. Alipiga chafya mbele yangu. Mwenye kuuza alisema: "Ni vumbi la njia." Nilimsadiki, kwa kuwa bei ilikuwa ndogo. Jioni ile ile nikamtia pamoja na majike yangu matatu. Baada ya wiki tatu majike wawili walikuwa na miguu ya mbele iliyolowa. Mmoja alizaa watoto sita, akafa siku ya nne, na watoto wakamfuata. Sungura hao walikuwa franga za shule za mdogo wangu. Yule dume hakufa. Aliendelea kula na kupiga chafya. Nikaelewa kwamba anayeleta ugonjwa si lazima afe nao.

6. Kazi za kufanya

Sungura mgeni akae peke yake siku 30, mbali na wengine. Mlishe mwisho, kisha nawa mikono.

Mgonjwa mtenge siku ile ile. Pangusa pua yake kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Mpe majani mabichi yenye harufu nzuri, kwa maana pua ikiziba hasikii harufu, naye anaacha kula. Sungura asiyekula siku nzima, tumbo lake linasimama, na hilo peke yake linaua.

Ondoa mkojo na mavi kila siku. Acha hewa ipite juu ya kibanda, lakini upepo usimpige mwilini.

Usifuge sungura na simbilisi katika kibanda kimoja. Sungura anaweza kuchukua vijidudu bila kuumwa, na vikamwua simbilisi.

7. Juu ya dawa

Usimpe sungura vidonge vya watu. Penisilini na amoksisilini zikipita kinywani zinaua vijidudu vyema vya tumbo lake. Vibaya vinajaa, naye anahara na kufa. Tafuta mganga wa nyama, achague dawa ifaayo. Katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanafundisha uganga wa nyama, na wanafunzi wake wanafanya kazi katika Katanga. Mwambie mganga habari tatu: sauti gani umesikia, tangu siku gani, na pumzi ngapi kwa dakika. Nyama ya sungura aliyepewa dawa msiile mpaka siku alizozitaja zipite.

Maulizo

1. Kwa nini kamasi ni hatari kwa sungura kupita kwa mtu?
2. Unahesabu pumzi mahali gani pa mwili, na kwa nini si puani?
3. Miguu ya mbele inakuambia nini?
4. Sungura mgeni anakaa peke yake siku ngapi?

Ukiweza kujibu yote, usifunge kitabu ukalala. Enda kibandani sasa, nyamaza, usikilize.