Gari kuukuu la zimamoto lageuzwa pikapu: Je, faida iko wapi?

WAFANYABIASHARA wa minadani wana imani kwamba faida hupatikana siku ya kununua, si siku ya kuuza. Imani hiyo ina ukweli wake, lakini imewaponza wengi wanaonunua kitu kwa bei ya kutupa na kukitengeneza ili wakiuze. Anayenunua kwa bei rahisi huona tayari amepata. Hesabu ya kazi itakayofuata huiweka kando, na mwisho hushangaa pesa zimekwenda wapi.

Somo la wiki hii linatumia mfano kutoka Marekani, ambako mafundi hununua magari ya zimamoto yaliyostaafishwa na kuyageuza kuwa pikapu za fahari za aina ya hotrodi. Mfano huu unafaa kwa sababu kila gharama inaonekana kwa macho: bodi, injini, rangi na saa za fundi.

Soko lenyewe

Hotrodi ni gari la zamani lililoundwa upya, likashushwa chini, likatiwa injini yenye nguvu na kupakwa rangi ya kuvutia. Mchezo huo ulianzia kusini mwa jimbo la California, ambako katika miaka ya 1930 vijana walishindana kwa mwendo kwenye mabonde makavu. Mwaka 1948 Robert Petersen alianzisha jarida la Hot Rod. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha NHRA, chama cha mashindano ya magari hayo. Kilichoanza kama mchezo kikawa soko kamili, lenye wauza vipuri, wapiga rangi, wachomeleaji na madalali. Kila mwaka wafanyabiashara wa vipuri na mapambo ya magari hukutana Las Vegas kwenye maonyesho makubwa ya SEMA.

Kwa nini gari la zimamoto? Miji midogo mingi ya Marekani huzimiwa moto na watu wa kujitolea. Gari lao hulala ndani ya banda, husafishwa, na hutoka pale tu kengele inapolia. Hivyo gari la miaka 40 au 50 linaweza kuwa limetembea maili chache sana, na kebini yake haijaliwa na kutu kama ya pikapu iliyofanya kazi shambani. Chama cha kinga ya moto cha nchi hiyo, NFPA, kilipendekeza katika viwango vyake kwamba gari lililozidi miaka 25 liondolewe kazini. Halmashauri ya mji hulipeleka mnadani, si kwa kuwa limekufa, bali kwa kuwa kazi yake kwa mji imekwisha.

Wanunuzi wake nao ni wachache. Gari ni refu, zito, lina tenki la maji na pampu, na halifai kwenda nalo sokoni. Bidhaa nzima yenye wanunuzi wachache huwa na bei ndogo. Hapo ndipo fundi huona nafasi.

Anachonunua na asichonunua

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba umenunua gari. Kwa kweli umenunua kebini, boneti na sura.

Chukua mfano wa Ford. Magari ya mfululizo wa F yaliyoingia sokoni kwa mwaka wa 1948 yalianzia F-1, ambayo ni pikapu ya nusu tani, hadi F-8, ambalo ni lori zito. Pikapu na malori ya kati yalitumia kebini ya umbo moja, na magari mengi ya zimamoto ya miji midogo yalijengwa juu ya malori hayo. Chevrolet nayo ilifanya vivyo hivyo kwa magari yake ya mwaka 1947 hadi 1955. Basi kebini ya zimamoto inaweza kuhamishiwa kwenye chasisi ya pikapu, na vioo, mipira ya milango na taa vinapatikana, maana watu wengi bado wanatengeneza pikapu za miaka hiyo.

Mambo ni tofauti kwa gari ambalo kiwanda cha zimamoto kilijenga chenyewe kuanzia chasisi hadi kebini, kama yale ya American LaFrance, kampuni iliyofunga shughuli zake mwaka 2014. Sura yake inavutia kuliko zote, lakini kioo kikivunjika au mlango ukipinda, hakuna pikapu ya mtaani utakayoing'oa kipuri.

Vilivyo chini ya kebini havina faida kubwa kwa kazi hii. Chasisi ya lori ni pana na nzito. Difu yake imepangwa kuvuta mzigo, si kukimbia. Springi ni ngumu, na breki ni za zamani. Umeme wa magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1950 ni wa volti 6. Ringi za vipande vinavyofungana zinaweza kufyatuka wakati wa kujaza upepo na kumuua mtu, hivyo si kazi ya fundi asiyezijua.

Kwa hiyo mafundi wengi hutafuta pikapu ya karibuni iliyogongwa bodi, huchukua chasisi yake pamoja na breki na usukani, kisha huketisha kebini ya zimamoto juu yake. Kwa injini, wengi hupenda V8 ndogo ya Chevrolet iliyoanza mwaka 1955, hasa ile ya inchi za ujazo 350 iliyotoka mwaka 1967. Si suala la nguvu peke yake. Kufikia mwaka 2011 kampuni mama, General Motors, ilikuwa imetengeneza injini za ukoo huo milioni 100. Kitu kilichotengenezwa kwa wingi hivyo vipuri vyake ni rahisi, na fundi wake hakosekani.

Daftari la fundi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Zifuatazo ni hesabu za mazoezi. Si bei za soko, bali zimepangwa ili zionyeshe njia. Chukulia fundi mmoja anayetoa akiba yake kufanya kazi hii kwa miaka miwili, na daftari lake liko hivi:

Kununua gari mnadani: dola 4,000
Kulisafirisha: dola 1,200
Pikapu ya kutoa chasisi: dola 4,500
Injini na giaboksi: dola 7,500
Springi, breki na ekseli: dola 6,000
Ringi na matairi: dola 2,300
Umeme, vioo na viti: dola 5,500
Rangi na vifaa vya bodi: dola 5,000
Jumla: dola 36,000

Pampu, ngazi, kengele na king'ora vinauzwa kwa dola 2,000. Fedha halisi iliyotoka mfukoni ni dola 34,000.

Pikapu inamalizika, inang'aa, na inauzwa dola 45,000. Fundi anawaambia jamaa zake kwamba amepata faida ya dola 11,000. Je, ni kweli?

Kwanza, dalali wa mnada anachukua asilimia 10, yaani dola 4,500. Zinabaki 6,500. Pili, fedha yake ililala. Kwa wastani nusu ya mtaji, dola 17,000, ilikaa miaka miwili bila kuzaa. Kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka hiyo ni dola 2,720. Zinabaki dola 3,780.

Tatu, alifanya kazi saa 800. Gawanya dola 3,780 kwa saa 800: amejilipa dola 4.73 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani kimekuwa dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009. Fundi huyu stadi angeajiriwa kufagia gereji angepata zaidi. Na kama angeajiri fundi mwingine kwa dola 50 kwa saa, ujira peke yake ungefika dola 40,000, na biashara nzima ingekuwa hasara tupu.

Sasa tazama upya bei ya kununulia. Hata kama mji ungempa gari lile bure, angeokoa dola 4,000 tu. Urahisi uliomvuta ni sehemu ndogo kabisa ya gharama. Saa 800 ndizo zilizoamua.

Gharama zisizoandikwa

Kuna mambo mengine ambayo hayamo katika daftari hapo juu. Rangi nyekundu ya miaka ile mara nyingi ina risasi, na vumbi lake wakati wa kukwangua au kupuliza mchanga ni sumu kwa fundi na kwa watoto wa jirani. Breki za zamani huweza kuwa na asbesto. Kazi hiyo inahitaji vifaa vya kujikinga, na vifaa ni pesa.

Jambo lingine ni karatasi. Gari la halmashauri huweza kuuzwa kwa hati ya mauzo tu, bila kadi ya umiliki ya kawaida. Mnunuzi anayesubiri hadi rangi ikauke ndipo aulize habari za kadi anaweza kujikuta na pikapu nzuri isiyoruhusiwa barabarani. Taa nyekundu za kuwaka na kuzima pamoja na king'ora navyo vinawekewa masharti na sheria za majimbo. Raia haruhusiwi kuvitumia apendavyo.

Kazi ikifika nusu

Hili ndilo fundisho gumu zaidi. Chukulia fundi yuleyule amefika nusu. Ametumia dola 24,000, bado dola 10,000 na saa 400. Mtu anakuja na kutaka kulinunua gari kama lilivyo kwa dola 20,000. Fundi anakataa kwa hasira: “Nimetia 24,000, niuze kwa hasara?”

Jibu lake huenda likawa sahihi, lakini sababu aliyotoa ni mbovu. Dola 24,000 zimekwisha kuzama, na hazirudi akiuza wala asipouza. Swali ni moja tu: kuanzia leo, njia ipi inalipa zaidi? Akimaliza, atapokea 45,000, atoe 4,500 za dalali na 10,000 za vifaa, zibaki 30,500. Akiuza leo anapata 20,000. Tofauti ni 10,500 kwa saa 400, sawa na dola 26.25 kwa saa. Amalizie. Lakini mteja akipanda hadi 28,000, tofauti inakuwa 2,500, yaani dola 6.25 kwa saa. Hapo auze, apeane naye mkono na kumshukuru.

Wanaofaulu hufanya nini

Fundi anayekula kwa kazi hii hupunguza saa kwa kutumia chasisi iliyo tayari badala ya kuunda yake. Hujenga kwa oda, akiwa amepokea malipo ya awamu, ili mtaji uliolala uwe wa mteja. Na wakati mwingine haligeuzi gari kabisa. Gari la zimamoto lililo zima lina wapenzi wake, na kuliuza lilivyo huweza kuleta faida ndogo lakini ya haraka.

Kwa anayejenga ili aendeshe mwenyewe, hesabu ni nyingine. Huyo amenunua furaha, na furaha haina ubaya mradi ijulikane kuwa ni matumizi, si kitegauchumi.

Maswali ya kujipima

Mfanyabiashara anayewaza kununua basi chakavu, mashine ya kusaga iliyokufa au nyumba isiyo na paa ajiulize kabla ya kunyanyua mkono mnadani:

1. Kikikamilika, nani hasa atakinunua, na vitu kama hicho vimeuzwa kwa kiasi gani karibuni?
2. Ukitoa dalali, riba na ujira wako mwenyewe, kinabaki nini cha kununulia?
3. Kazi ni ya saa ngapi, na nani atazilipa?
4. Karatasi ziko wapi?
5. Ikifika nusu, ni bei gani itakufanya uuze bila kutazama nyuma?

Anayeshindwa kujibu swali la tatu bora aweke mkono mfukoni. Bei rahisi itarudi tena mnada ujao, lakini saa zilizotumika hazirudi.